Safari ya Gashoho Kutafuta Chukudu ya Kushukia Ngazi

Niliondoka Gitega kwa sababu nilikuwa nimechoka kutembea. Ilikuwa miaka ya vita, na juu ya vita vikaja vikwazo vya nchi jirani. Mafuta ya gari yakaadimika, malori yakalala chini ya maturubai, na mizigo ya mji ikatuangukia sisi watu wa chukudu. Kwa asiyeijua, chukudu ni ubao mrefu wenye magurudumu mawili ya mti, usukani mbele, na kipande cha mpira nyuma cha kukanyagia breki. Kwenye mlima unaisukuma huku ukiilaani siku uliyozaliwa. Kwenye mteremko unasimama juu yake pamoja na magunia yako, na hapo, wallahi, hata waziri hakuzidi.

Tulikuwa kumi na mmoja tuliobeba maharage na unga kutoka Makebuko hadi mjini Gitega, na foleni yetu ilipangwa kwa namna moja tu. Njiani kuna mteremko tuliouita Ngazi. Anayeushuka amesimama, mzigo ukiwa kamili, hupakia mapema na kuchagua mzigo mzuri. Anayeushuka kwa miguu, ameishika chukudu kando, hupakia mwisho na kuchukua mabaki. Mimi nilikuwa wa tatu. Kisha katika mvua za Novemba chukudu yangu ya zamani ikanirusha kwenye kona ya Ngazi bila onyo lolote, nikavunjika mfupa wa bega.

Bega lilipona, moyo haukupona. Nilipopata nguvu za kurudi kazini nilishuka Ngazi kwa miguu, siku baada ya siku, nimeukamata usukani kama mtu anayempeleka sokoni mbuzi asiyetaka kwenda. Wenzangu walinipita wakipiga mluzi. Kila nilipoweka mguu juu ya ubao, goti lilicheza, nikaushusha. Niliona haya, na sitaki kuificha haya hiyo.

Rajabu, mkuu wa foleni yetu, alikuwa mtu wa maneno machache na yote makavu. Mwezi wa tano aliniambia kuwa maharage mapya yakianza kuingia Makebuko nami bado natembea, nafasi yangu ataichukua shemeji yake. Sikuwa na ufundi mwingine, na katika miaka ile mtu aliyetoka kwenye foleni hakuwa na pa kwenda. Nilirudi nyumbani Musinzira nikamweleza mke wangu Mwajuma, nikitegemea kupata pole.

"Baba Asha, mi sikuolewa na mutu wa kutembeza mbao," aliniambia. "Enda utafute ingine. Ile ilishakukataa."

Mchuuzi mmoja wa dagaa alikuwa amenisimulia habari za fundi Mkongomani huko Gashoho, mkoa wa Muyinga, aliyekimbia vita vya Kivu na sasa anachonga chukudu ambazo watu huzifuata kutoka mbali. Mwajuma akatoa vitenge sita vilivyokuwa sandukuni tangu harusi yetu. Mimi nikaongeza chumvi kilo kumi, ambayo siku zile ilipendwa kuliko noti. Ndiyo mali niliyosafiri nayo.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, tuliondoka Gitega kwa msafara. Hakuna gari lililokwenda peke yake. Tulingoja askari wapite kwanza kuikagua barabara, kisha malori manne yakafuatana. Nilikaa juu ya magunia, nimeikumbatia chumvi yangu. Tulipita Karuzi. Mashamba mengine yalilimwa vizuri, mengine yalikuwa msitu mtupu na nyumba zilizobaki kuta. Mabondeni watu waliokimbia vilima vyao walikuwa wamejenga vibanda vya majani vilivyobanana, na watoto wakasimama kutuangalia bila kupunga mkono. Lori letu halikupunguza mwendo mpaka kwenye bariyeri ya askari huko Buhiga.

Saa kumi alasiri tulifika mjini Muyinga. Nilipokelewa kwa shangazi yake Mwajuma, mshona nguo, ambaye alinilisha vizuri na kunicheka zaidi. Hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kuvuka mikoa kwa ajili ya ubao. Nilimwambia kuwa yeye cherehani yake hachezi nayo, akakubali yaishe.

Jumanne asubuhi nilikodi mtu wa baiskeli hadi Gashoho. Kwa saa mbili nilikaa nyuma yake nikizitazama barabara za watu wa huko kwa jicho la kazi. Ni udongo mwekundu, mgumu katikati na laini pembeni, na miteremko mifupi yenye kona kali. Nikajisemea kuwa anayechonga chukudu za njia hizi lazima ajue kona.

Fundi aliitwa Byamungu. Nilitarajia mzee mwenye mvi, nikamkuta kijana wa miaka thelathini hivi, mdogo kwangu kwa kumi nzima, kifua wazi, mdomo hautulii. Kazi alifunzwa na mjomba wake aliyekuwa Goma. Mkewe, Mama Furaha, alifanya biashara ya mafuta ya mawese, na mtungi wa kuogea ulikuwa mlangoni kabla sijasema nimetoka wapi. Nilikunywa chai, nikaeleza shida yangu. Sikumwambia habari ya goti. Nilisema tu nataka chukudu imara, nzuri, isiyopiga kelele.

Zilikuwapo tatu zilizokamilika, zimeegemea ukuta. Nami nikaanza kazi yangu kama kawaida yetu. Nilifumba jicho moja nikaufuata ukingo wa kila ubao kama unavyotazama kamba. Nikagonga mti kwa kifundo cha kidole. Nikainua mbele, nikainua nyuma, kujua uzito umekaa wapi. Kisha nikazisukuma moja moja uani bila mtu, kuona kama inakwenda mbele au inavutwa upande. Byamungu alinitazama huku akitafuna muwa, akawafukuza kuku waliokuwa njiani mwangu.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, mkaratusi uliosuguliwa hadi ukang'aa, kimya kabisa. Niliipenda kabla ya kuigusa. Nilipoijaribu kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, nimepiga goti moja juu ya ubao kama wanafunzi, ilikwenda kwa utulivu mkubwa, lakini kwenye kona ilichelewa. Nilipinda usukani, nayo ikawa kama inafikiri kwanza. Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye beringi zilizotolewa kwenye gari bovu. Ilikimbia vizuri mno. Tulipoifunga gunia la mchanga, gurudumu la mbele likaanza kurukaruka kila lilipokutana na kishimo, na mimi nikaruka chini kabla halijanitupa.

Ya tatu ilikuwa fupi, nene, ina kifundo cha mti katikati ya ubao kama jicho la ng'ombe, na ilikuwa ikilia. Sikutanii, ililia: ikienda polepole ililia polepole, ikienda kasi ikalia kwa nguvu, na karibu na kona ubao wote ukatetemeka chini ya goti langu. Lakini ilipinda pale pale nilipotaka. Goti likiegemea kidogo tu, yenyewe imeshakwenda. Nilishuka nimechanganyikiwa. Mkono wangu ulitaka ya tatu, sikio langu lilitaka ya kwanza.

Huko kwetu Gitega, chukudu inayolia ni aibu ya mwenyewe. Maana yake mvivu, haipaki mafuta. Mimi kila Jumapili nilikuwa naipaka ile ya zamani mafuta ya gari kwenye vyuma vya magurudumu, na nilijulikana njia nzima kuwa wangu ndio ubao wa kimya kuliko wote. Kwa hiyo jioni ile, Byamungu alipokwenda kuoga, nilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa foleni yetu angelifanya. Nilichovya kitambaa kwenye kopo la mafuta nililosafiri nalo, nikaipaka ile ya tatu mbele na nyuma mpaka ikanyamaza. Nikalala nimeridhika.

Jumatano, saa moja asubuhi, nilimwambia Byamungu kuwa nimechagua ya tatu, naye akanieleza desturi yao. Hapo Gashoho, chukudu mpya haiuzwi kabla haijashuka kilima kikubwa cha sokoni na chungu cha pombe ya ndizi kisichofunikwa, kimefungwa mbele ya mnunuzi. Majirani hungoja chini na vikombe. Pombe ikifika, wanakunywa na kuisifia; isipofika, fundi hurudisha ubao karakanani. Nilimwambia kuwa mimi ni Mwislamu, pombe siinywi wala siibebi, labda tuweke maji.

"Maji?" Byamungu alicheka. "Muzee, nani analilia maji? Mutu akibeba maji anaendesha ovyo."

Mama Furaha alikuwa akifagia. Akaweka ufagio, akaingia ndani, akatoka na beseni la mawese lililojaa hadi karibu na ukingo. Mawese hayo alikuwa ameyaleta mwenyewe kutoka mbali, kule kando ya ziwa, kupita bariyeri zote za njiani, akayaweka kwa ajili ya soko la Muyinga la Alhamisi.

"Pombe ikimwangika, watu wanacheka," aliniambia. "Mawese ikimwangika, mi nalia. Utaendesha muzuri."

Mumewe alikwenda kuleta kamba. Tulifunga beseni kwa kamba za mpira, bila kifuniko. Kilima kile kina urefu wa kama viwanja vinne vya mpira, na kona moja chini, penye shamba la viazi vitamu. Goti langu lilikuwa linacheza. Lakini mbele ya mwanamke aliyenikabidhi mali yake sikuweza kulisikiliza, nikasimama juu ya ubao kwa mara ya kwanza tangu Novemba, nikaachia.

Nusu ya kwanza nilikuwa mfalme. Chukudu ilikwenda kimya, mawese yalitulia, upepo ukanipiga kifuani nikasikia machozi ya furaha. Nilipoikaribia kona nikakanyaga breki, na breki haikushika. Mpira uliteleza juu ya gurudumu kama sabuni. Nilirudisha uzito nyuma, nikaelekeza kwenye shamba, nikaingia viaziani na kusimama nimepiga magoti, nimelikumbatia beseni. Robo ya mawese ilikuwa kwenye shati langu. Majirani waliokuwa wakingoja chini walicheka, na Mama Furaha, kama alivyoahidi, alilia.

Byamungu alifika akikimbia. Hakunitazama mimi, alilitazama gurudumu la nyuma. Akaniuliza nani amelipaka. Nikamwambia huenda ni umande. Aligusa mpira wa breki, akanusa kidole.

"Umande ya kwenu iko na harufu ya mafuta ya gari?"

Nikakiri. Nikamweleza desturi yetu ya Gitega, na kwa kuwa nilishadhalilika tayari, nikamweleza pia habari ya Ngazi, bega, na goti. Alichutama kwenye viazi akanisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona ametulia.

"Ile kelele ndo mudomo yake," alisema. "Mi niliiacha kusudi. Kabla ya kukuangusha, itakuambia. Ile yako ya zamani ilikuwa inakuambia pia, lakini weye uliifunga mudomo kila dimanche, ile Jumapili yako."

Nilisimama pale nimelowa mawese nikaihesabu Novemba upya. Miezi yote nilikuwa nimeilaumu chukudu ile kwa kunitupa bila onyo. Kumbe onyo nililizima mimi mwenyewe, kwa kitambaa na kopo, kwa ajili ya sifa za njiani. Niliumia kuliko siku ya bega. Lakini chini ya maumivu hayo kulikuwa na kitu kingine, na nilichelewa kukitambua kwa sababu nilikuwa nimekisahau: nilikuwa nimeshuka kilima nimesimama.

Mchana kutwa tulifanya kazi ya kuondoa nilichofanya. Tulisugua vyuma kwa majivu, tukasugua magurudumu kwa mchanga, tukabadili mpira wa breki. Jioni chukudu ililia tena, na Byamungu akaishangilia kama mtoto aliyepona homa. Kuhusu mawese, Mama Furaha aliamua hukumu yake bila kumshauri mtu: kesho nitabeba bidhaa zake zote hadi soko la Muyinga, na beseni litakaa mbele vilevile, wazi.

Alhamisi tuliondoka alfajiri ilipopasuka, yeye na wachuuzi wenzake kwa miguu, mimi na madumu manne pamoja na beseni. Kwenye milima nilisukuma huku wakiniimbia kunidhihaki. Kwenye mteremko niliwangojea wafike ili Mama Furaha aone. Sasa nilikuwa nasikiliza. Ikilia nyembamba, njia ni nzuri. Sauti ikishuka na kuwa nzito, gurudumu la mbele limeanza kuchukua uzito mwingi, rudi nyuma kidogo. Ubao ukitetemeka, kona iko karibu kuliko unavyodhani, kanyaga sasa. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kazi hii na ilikuwa kama kufundishwa kusoma ukubwani.

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Muyinga ilitetemeka ghafla. Nilikanyaga breki, ikashika, nikapita kona nimeinama upande kama mwanasarakasi. Mama Furaha alinikuta nimekaa kando ya barabara. Alitia kidole ndani ya beseni, akalinganisha na alama aliyoikwaruza asubuhi, akajipangusa kidole kwenye kitenge.

"Bon," alisema. "Sasa inaweza kwenda Gitega."

Ndivyo nilivyoinunua. Vitenge na chumvi alivipokea yeye kwa niaba ya mumewe, na katika vitenge sita alinirudishia kimoja, cha Mwajuma.

Ijumaa niliswali Muyinga, na baada ya swala msafara ulipatikana. Chukudu yangu ilipandishwa lorini juu ya mihogo. Kwenye bariyeri moja askari alitaka kujua kile ni kitu gani, akaniamuru nikishushe nimwonyeshe. Nilisukuma hatua chache, nikapanda, nikazunguka lori mara moja. Chukudu ikalia, askari wakacheka, mmoja wao akasema inaugua. Wiki moja kabla ningetafuta pa kuficha uso. Niliwaambia hiyo ndiyo afya yake, tukaruhusiwa kupita.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikuwa Makebuko. Maharage mapya yalikuwa yameanza kuingia, na shemeji yake Rajabu alikuwa amesimama kwenye nafasi ya tatu, ana kamba mpya begani. Kelele yangu iliwafikia kabla yangu. Walicheka mpaka wakashikana, wakauliza kama huko Muyinga mafuta yamekwisha kabisa. Rajabu hakucheka. Aliitazama chukudu, akanitazama miguu.

"Utashuka na nini?" aliuliza.

"Magunia matatu," nilimjibu. "Kama zamani."

"Kando ao juu?"

"Juu."

Alinipakia yeye mwenyewe, akanitanguliza mbele ya foleni yote ili kila mtu aone. Pale juu ya Ngazi nilisema bismillahi. Goti lilicheza. Nililiacha licheze, nikapandisha mguu.

Ngazi ni ndefu, na mwanzoni inadanganya, inashuka kwa upole. Chukudu ililia nyembamba. Kisha njia ikainama, magunia yakanisukuma kutoka nyuma, sauti ikapanda, upepo ukaingia kwenye shati na nyumba za pembeni zikawa rangi tu. Nilisikia sauti ikishuka na kuwa nzito. Nikarudi nyuma. Ikarudi kuwa nyembamba. Kona niliyovunjikia bega ilikuwa bado mbali kwa macho wakati ubao ulipoanza kutetemeka chini ya nyayo zangu, mapema, mapema kabisa, kabla hata mimi sijaogopa. Nikakanyaga. Ikashika. Nikainama na kona, nikapita mahali pangu penyewe, naliona jiwe lenyewe nililoangukia, na nikatoka upande wa pili nimesimama wima, napiga kelele kuliko chukudu.

Chini penye daraja, mahali tunaposhusha mizigo na kupumzika kabla ya kuendelea mjini, nilisimama. Wenzangu walishuka mmoja mmoja, wakaegesha, hakuna aliyepiga mluzi. Nilichokileta kutoka Gashoho ni hiki: nilikwenda kutafuta chombo kitakachoniondolea hofu, nikarudi na chombo kinachosema. Hofu ipo mpaka leo. Lakini sasa nashuka nayo, na mimi ndiye ninayeendesha.

Kwetu, aliyeshuka Ngazi bila kuweka mguu chini hashushi mzigo wake mwenyewe. Wenzake ndio humshushia, yeye akapumzika darajani. Tangu Novemba nilikuwa nikijishushia peke yangu. Nilikaa juu ya ukingo wa daraja, mikono sijui niiweke wapi. Gunia la kwanza lilishushwa na wawili waliocheka zaidi. La pili alilishusha shemeji, akaliweka taratibu, kisha akaenda kusimama mwisho wa foleni bila kuambiwa. La tatu alilishusha Rajabu.